Waheshimiwa wa Mlango wa Stoo

Roselyne alikuwa akipiga pasi kanzu za Haidar, mwana wa mwenye nyumba, wakati mlango wa stoo ulipofunguka kutoka ndani, wakatoka wawakilishi watatu wa bunge la kaunti, mmoja nyuma ya mwingine, mafaili kwapani. Ilikuwa baada ya alasiri, mwezi wa Machi mwaka 2017, nyumbani kwa Bi Saleha, mtaa wa Al-Rawdah, Jeddah. Wa kwanza alikuwa mzee mnene aliyeinamisha kichwa ili asigonge rafu ya viungo. Wa pili alikuwa mwanamke kijana, suti ya samawati, nywele zimesukwa vizuri na kufungwa kisogoni. Wa tatu alikuwa Protus, mume wa Roselyne, ambaye hakuwa amemwona ana kwa ana tangu walipoagana uwanja wa ndege wa Nairobi miaka mitatu nyuma.

"Rose," Protus alisema.

"Vueni viatu," Roselyne akasema. "Zulia limeoshwa jana."

Wakavua. Roselyne aliisimamisha pasi ili isiunguze kola. Kutoka kwenye kochi lake Bi Saleha aliuliza ni nani hao walioingia. Roselyne akamwambia ni waheshimiwa wa kwao Kenya, na mmoja wao ni mumewe.

"Basi wapeleke sebuleni," Bi Saleha akasema. "Mgeni hawekwi jikoni. Na waulize, chai au kahawa."

Protus alieleza mambo akiwa amesimama na soksi zake. Chama chao, ambacho watu walikiita Ngazi kwa sababu ya alama yake, kilikuwa na viti vitatu tu bungeni, na vyote vitatu vilikuwa hapo sebuleni. Kwa majuma kadhaa walikuwa wakitafuta mahali pa kuzungumza bila kusikika. Wakienda mkahawani, watu wa gavana wanawafuata. Wakienda hotelini, wanakuta watu wa upinzani wamekwisha kukaa meza ya jirani. Mchana huo walikuwa wamejaribu chumba cha makaratasi, mwisho wa ukumbi wa bunge. Ndani yake walikuta magunia ya mchele wa basmati, harufu ya karafuu, na mbele yao mlango mwingine wenye mwanga chini yake.

"Tukaona patafaa," alisema.

Bi Saleha alikubali kuwa patafaa. Yeye alitoka Unguja mwaka 1964 akiwa msichana, na tangu hapo hakushangazwa na watu kutokea mahali bila taarifa. Alisema tu wasipitilize magharibi, kwa sababu adhana ikiingia anataka nyumba yake.

Roselyne alikuja Jeddah mwaka 2014, kumhudumia Bi Saleha. Wakati huo Protus alikuwa fundi wa redio. Mwaka uliofuata mwakilishi wa wadi yao alifariki, ukaitishwa uchaguzi mdogo, na Protus akaamua kugombea. Mahema, mabango na vipaza sauti vililipwa kwa mshahara wa Roselyne. Aliposhinda, Roselyne alidhani sasa atarudi. Protus akamwambia kwa simu avumilie kidogo tu, hadi muhula uishe, kwa kuwa mke wa mheshimiwa hawezi kurudi mikono mitupu. Akavumilia.

Jambo lililowaleta waheshimiwa lilikuwa Mswada wa Nyumba za Kaunti. Gavana alitaka kubomoa nyumba kuukuu za mtaa wa Bomani na kujenga maghorofa, na alitaka mswada upite kabla ya uchaguzi wa Agosti ili apigwe picha akiweka jiwe la msingi. Upinzani ulitaka ufe. Pande mbili zilikaribia kulingana, kwa hiyo kura tatu za Ngazi ndizo zingeamua. Ngazi ilikuwa imeandika kifungu chake, cha saba: mpangaji yeyote wa Bomani asitolewe nyumbani kabla ya kukabidhiwa ufunguo wa nyumba mpya, kwa kodi ileile. Kifungu kilikuwa wazo la Protus. Bomani ndiko alikoishi Mama Jael, mama yake Roselyne, tangu kabla Roselyne hajazaliwa. Protus mwenyewe alimjua Roselyne siku alipokwenda huko kutengeneza redio ya Mama Jael.

Kwa hiyo siku ya kwanza Roselyne aliwamiminia chai kwa fahari. Kikombe cha Protus alikitia vijiko vitatu vya sukari, kama anavyopenda. Protus akakishika bila kukoroga. Yule mwanamke, aliyeitwa Velma, akanyoosha mkono, akakichukua na kumsogezea mzee.

"Siku hizi hatumii sukari," alimwambia Roselyne kwa upole. "Daktari alimkataza mwaka jana."

Roselyne hakuwa ameambiwa habari za daktari. Alileta chai nyingine isiyo na sukari, akaiweka mezani, akatabasamu. Kisha akarudi kwenye pasi, na kwa mara ya kwanza tangu afike nyumba ile akaunguza kanzu.

Wakawa wanakuja karibu kila siku ya kazi. Mzee, jina lake Absalom, alikaa karibu na sahani ya tende na mara nyingi alisinzia. Mipango ilikuwa ya Velma. Hakuwa mtu wa kelele. Alikunja miguu juu ya kochi, akafungua faili, akaongea kama mtu anayepanga safari ya wengine.

"Tusiseme ndiyo, tusiseme la," alisema. "Jumatatu tuonekane tukicheka na wapinzani pale nje. Jumanne gavana atapiga simu mwenyewe. Akipiga, Mheshimiwa Protus usishike. Shika ya pili."

"Na akiacha kupiga?" Protus aliuliza.

"Hataacha. Ana jiwe la msingi limekwisha chongwa jina lake."

Bi Saleha alipenda siasa kuliko tamthilia za Kituruki, na siku ya tatu alihamishia kochi lake sebuleni. "Msiombe mnachokitaka," aliwafunza. "Ombeni kikubwa msichokitaka, halafu mkiachie kwa uchungu. Ndivyo marehemu babangu alivyonunua shamba." Wakaomba wizara ya barabara ya kaunti, ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeijua kazi yake. Gavana aligoma, wakanuna siku nne, wakaiachia. Kwa huruma gavana akasema kifungu cha saba kitazungumzika.

Roselyne alisikia haya yote akiingia na kutoka na sinia. Alisikia pia mambo mengine. Alisikia Velma akimaliza sentensi ambazo Protus alizianza. Aliwaona wakiandika kwa kalamu moja, ikienda na kurudi bila yeyote kuiomba. Siku moja aliona Velma akimtoa Protus uzi mweupe begani huku akiendelea kusoma, bila kuangalia, namna mtu anavyofukuza nzi kwenye sahani yake mwenyewe. Usiku Roselyne alikuwa bado akiuwaza ule uzi. Alijitazama kwenye kioo cha bafu la Bi Saleha: sare ya kijivu, kitambaa kichwani, mikono inanuka dawa ya choo. Hakuwa mbaya. Alikuwa tu hajatazamwa kwa muda mrefu.

Mara moja tu Protus alimfuata jikoni.

"Velma ni mtu wa chama, Rose. Usiwaze mengine."

"Chama kina watu watatu. Mmoja amelala."

"Ni kazi tu."

"Ya sukari aliyajuaje?"

"Nilianguka bungeni. Yeye ndiye alikuwa karibu, akanipeleka hospitali."

"Mimi nilikuwa wapi?"

Protus aliangalia sufuria, kisha friji, kisha mikono ya mkewe. "Wewe ulikuwa huku," alisema. "Ulikuwa huku, Rose."

Ilikuwa kweli, na hilo lilimuuma kuliko kama angedanganywa. Kutoka sebuleni Velma aliita, "Mheshimiwa," na Protus akaenda.

Jioni hiyo, waheshimiwa walipoondoka, Roselyne aliwafuata. Alivaa viatu vyake vya kutokea, akaingia stoo nyuma ya Velma, karibu kiasi cha kusikia marashi yake. Absalom akapita. Protus akapita. Velma akapita, na harufu yake ikapita naye. Roselyne akagonga ukuta kwa paji la uso. Alipapasa huku na huku, akakuta rafu, makopo ya nyanya, mifuko ya sabuni ya unga. Alikaa humo mpaka Bi Saleha alipokuja na fimbo yake kumtafuta.

"Hukupita?" Bi Saleha aliuliza.

"Sikupita."

"Huwezi kupita, mwanangu. Wale hawana kafili wa kuwashikia kibali, wanaingia na kutoka. Wewe kafili wako Haidar. Mpaka akutolee ruhusa ya kutoka." Akamtazama paji la uso. "Tia barafu hapo, patavimba."

Haidar, mwanawe Bi Saleha, alifanya kazi Riyadh, na huko ndiko alikoishi na mkewe Rania. Kila Alhamisi jioni alipanda ndege kuja kumwona mama yake. Alikuwa mtu mpole. Hakuwahi kumpigia Roselyne kelele wala kumcheleweshea mshahara, na pasipoti ya Roselyne aliihifadhi vizuri katika kabati la mama yake, ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na vyeti vya familia. Roselyne alimngoja amalize kula.

"Baba, naomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Hata wiki mbili."

"Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Kuna mswada."

Haidar alifikiri. Alikuwa amekwisha kusikia habari za waheshimiwa kutoka kwa mama yake, na neno lake pekee lilikuwa kwamba tende za Madina zinakwisha upesi siku hizi. "Rania atajifungua mwezi ujao," alisema. "Tutakuhitaji Riyadh. Tuseme baada ya Ramadhani, inshallah. Mumeo si anakuja hapa kila siku? Wengine wanakaa miaka bila kumwona mume."

Roselyne akakusanya vyombo, maana lilikuwa jambo la kweli pia.

Mwishoni mwa Aprili gavana akatoa neno lake la mwisho. Protus aliwasomea wenzake kutoka kwenye simu. Gavana alikuwa tayari kuichukua Ngazi katika muungano wake wa uchaguzi, na Protus hatawekewa mpinzani kutoka ndani ya muungano. Zaidi ya hapo Ngazi itapata kitu kimoja, siyo viwili. Wakitaka kifungu cha saba, wakipate, lakini Velma asiwemo kwenye orodha ya pamoja ya viti maalum, kwa kuwa amemdhalilisha gavana magazetini na gavana hasahau. Wakimtaka Velma, basi kifungu kitoke.

Kiyoyozi kilinguruma. Velma alifunga faili lake, akaliweka mapajani, na safari hii hakuwa na mpango wa kutoa.

Absalom akafumbua macho. "Tumuulize mama huyu," alisema, akimwonyesha Roselyne aliyekuwa akikusanya vikombe. "Yeye ni wa Bomani. Mama yake bado anakaa huko."

Roselyne alikuwa amejiandaa. Juma zima, akiosha, akipika, akimkanda Bi Saleha miguu, alikuwa akipanga maneno ya kusema siku akiulizwa. Alipanga kusema juu ya mama yake, ambaye alizaa watoto watano katika vyumba viwili vya Bomani na kufiwa na wawili humo. Alipanga kusema kwamba mwanamke wa umri ule akitolewa nyumbani hapangi tena, anakaribishwa tu, na kukaribishwa kuna mwisho. Yalikuwa maneno mazuri. Lakini alipoinua kichwa alimwona Velma amekaa, na bega la Velma limegusana na bega la Protus, na hakuna kati yao aliyejua kwamba yamegusana.

"Mwacheni huyu aende," alisema.

Velma hakukasirika. "Dada Rose ana wivu," alisema taratibu. "Na mimi simlaumu."

"Ndiyo, nina wivu," Roselyne alisema. "Na mama yangu ana nyumba Bomani. Yote mawili ni kweli."

Lakini Protus alikuwa ameshusha pumzi, kama mtu aliyeshikiliwa kisha akaachiwa. "Mnaona sasa," aliwaambia wenzake, na sauti yake ilikuwa nyepesi kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Huo ni wivu, Rose. Hatuwezi kutunga sheria kwa wivu."

Absalom akakubali kwa kichwa. Ushauri ulikuwa umetolewa na umesikilizwa. Akachukua tende.

Walipoondoka, Bi Saleha alimwita Roselyne akae chini karibu naye. "Ungesema la mama yako kwanza," alimwambia, "wangepata aibu. Umewapa pa kutokea."

"Najua, Bi."

"Mimi mume wangu alioa wa pili hapahapa Jeddah. Miaka kumi na tano sikusema kitu. Akafa, nikamwoshea vyombo mke mwenzangu siku ya hitma." Bi Saleha akanyoosha mguu ukandwe. "Sijui kama nilifanya vyema. Nakwambia tu."

Wiki ya kwanza ya Mei Rania alijifungua, na Roselyne akapelekwa Riyadh. Nyumba yao ilikuwa ghorofa ya tisa, eneo la Olaya, madirisha makubwa yasiyofunguka. Chini kulikuwa na magari na mitambo ya kuchimba njia ya treni. Alipika uji wa mzazi, akaosha nguo za mtoto, akambeba mtoto akilia. Siku ya kura, ilipofika baada ya alasiri, alifungua makabati yote ya nyumba ile moja moja. Yalikuwa makabati. Katika la mwisho kulikuwa na ufagio wa umeme na viatu vya Rania.

Jioni akapiga simu Jeddah.

"Wamepitisha," Bi Saleha alisema. "Bila kile kifungu chenu. Wamekuja kupumzika kidogo baadaye."

"Nani aliwapikia chai?"

"Yule Velma kapika mwenyewe. Kaijua hiliki ilipo, kajua na kijiko. Chai yake nzuri, siwezi kusema uongo."

Roselyne alisimama dirishani akiwa na mtoto wa watu begani. Habari ya mswada ilimwumiza kama alivyojua ingemwumiza. Lakini lililomfanya ashindwe kumeza chakula cha jioni lilikuwa lile kopo la hiliki. Alilipanga yeye, rafu ya pili, nyuma ya mdalasini, katika jiko lisilokuwa lake, na sasa aliliwaza kama mtu anavyowaza kitanda chake.

Ramadhani ikaja ikapita. Haidar akasema basi, baada ya hija. Hija nayo ikapita. Katikati ya hayo kulikuwa na uchaguzi, na Protus akarudi bungeni kwa kura nyingi, na Velma akaapishwa viti maalum. Gavana aliweka jiwe lake. Bomani ikatiwa alama za rangi nyekundu milangoni, na mwezi wa Septemba matingatinga yakaingia. Mama Jael akahamia kwa binamu yake, kwenye chumba cha nyuma, alale na wajukuu wa binamu.

Roselyne alikwisha kurudi Jeddah. Waheshimiwa nao walirudi. Safari hii walikuwa saba, kwa kuwa Ngazi ilikuwa ndani ya muungano na kulikuwa na mengi ya kugawana. Protus alimsalimu mkewe kila siku alipoingia na kumuaga kila alipotoka. Siku moja alimletea kanga. Velma alikuwa amemsaidia kuichagua, na alisema hivyo mwenyewe, kwa nia njema. Roselyne akashukuru. Hakuivaa, wala hakuitupa.

Siku moja ya Oktoba, Roselyne akichambua mchele jikoni, mlango wa stoo ulifunguka na Mama Jael akatoka, peke yake, mkoba mkononi.

"Shikamoo, mama," Roselyne alisema, akainuka.

"Marahaba. Umekonda." Mama Jael alitazama jiko, sakafu, vigae. "Nimekwenda kwa kaunti kuuliza nyumba yangu. Msichana wa mapokezi akaniambia niende mwisho wa ukumbi. Nikafungua mlango nikaona magunia."

"Ndiyo hapa. Umekula?"

"Nilikunywa chai asubuhi."

Roselyne akampakulia wali na kuku. Mama Jael alikula polepole, akimtazama bintiye kati ya tonge na tonge. Sebuleni sauti ya Protus ilisikika ikieleza jambo la zabuni, halafu sauti ya Velma ikamalizia. Mama Jael alisikiliza, akaendelea kula.

"Ndiye huyo?" aliuliza.

"Ndiye."

"Ana sauti nzuri."

"Anayo," Roselyne akasema.

Bi Saleha alipoambiwa kuna mgeni mwingine alikuja mwenyewe na fimbo yake, wakaamkiana na Mama Jael kwa heshima, wakaulizana umri, wakaona wamelingana. Bi Saleha akampa pole ya nyumba. Alisema hata wao walitolewa, zamani, na kwamba mtu hazoei.

"Ahsante," Mama Jael alisema. "Na huyu binti yangu, mtanirudishia lini?"

Bi Saleha alilifikiria swali bila hila. "Akipatikana mtu wa kunitazama," alijibu. "Wewe nyumba yako wamekuahidi lini?"

"Maghorofa yakiisha."

"Yameanza?"

"Wamechimba shimo."

Wazee wawili wakatikisa vichwa. Bi Saleha akamwambia Roselyne amfungie mamaye kuku aliyebaki.

Tangu hapo Mama Jael alikuwa akienda kwa kaunti kila Jumatano kuuliza nyumba yake, na kila Jumatano alielekezwa mwisho wa ukumbi. Alikaa jikoni akimsaidia bintiye kumenya vitunguu. Alimletea habari za watu wa Bomani, nani kaenda wapi, nani kafa. Walizungumza mengi kuliko walivyowahi kuzungumza walipokuwa wakiishi pamoja. Velma akiingia kuchukua maji alimwamkia Mama Jael akiwa ameinamisha magoti kidogo, kama alivyofunzwa kwao, na Mama Jael aliitikia.

Jumatano moja, karibu na magharibi, wote walijipanga mlangoni pa stoo wakivaa viatu. Protus alimpisha mama mkwe wake apite kwanza. "Tangulia, mama," alisema, na akamshika kiwiko asijikwae. Mama Jael akapita, halafu Absalom, halafu wale wanne wapya, halafu Velma, halafu Protus.

Roselyne alifunga mlango. Adhana ikaanza, kwanza ya msikiti wa karibu, kisha ya ule wa mbali. Ilikuwa imebaki saa moja Haidar afike kutoka Riyadh, kwa sababu wiki hiyo alikuwa anakuja siku moja mapema, naye hupenda samaki. Akatoa samaki kwenye friji, akaanza kuparua magamba.